Mtungi wa Alhamisi

Siku baba yake alipoondoka asirudi, gati lilikuwa limefurika watu. Shule zilikuwa zimefungwa, na kila mwenye mtoto alitaka kumwonyesha samaki. Foleni ya dirisha la tiketi ilizunguka mpaka kwenye vyoo. Watoto walivalishwa mapezi ya mpira makubwa kuliko miguu yao, wakawa wanatembea kama bata, na mama zao wakiwapiga picha.

Katikati ya vurugu hiyo, ndani ya kibanda cha bati, alikuwepo msichana wa ovaroli ya buluu na kitambaa cha njano kichwani, ameinamia kompresa, mashine ya kushindilia hewa mitungini. Wote walimwita Hewa, kwa kuwa ndiye aliyejaza mitungi ya wazamiaji wa hifadhi ya bahari. Jina la kwenye cheti alilitumia benki tu.

Kijana mmoja mrefu alisimama mlangoni, begi begani, shati jeupe limelowa jasho mgongoni.

"Samahani dada. Hewa iko wapi?"

"Ndiyo mimi."

"Natafuta ile ya kupumua."

"Hata hiyo ni mimi. Rudi nyuma ya ule mstari mwekundu. Mpira huu ukifyatuka utakutoa jicho, halafu uende kusema mjini umepofuka kwa mapenzi."

Kijana akarudi nyuma ya mstari. Alikuwa anajizuia kucheka. "Mimi ni mwongozaji mpya. Nimeambiwa niripoti kwa mtu anaitwa Chewa."

"Ameshuka kubadilisha mnyororo wa boya la mwisho. Akipanda utamjua tu, mtu mnene asiyesema."

"Ni mkali?"

"Ni baba yangu."

"Basi ni mpole sana, nimesikia."

Hewa alicheka. Alikuja kukumbuka baadaye kwamba boti ilikuwa imeshaingia wakati ule anacheka, na kwamba nahodha hakupiga honi kama kawaida yake. Kisha akaona watu wa gatini wanafungua njia wenyewe bila kuombwa, wanaume wanavua kofia, na miguu mipana ya baba yake inatokeza pembeni mwa ubao. Alikimbia. Hakukumbuka kibanda, hakukumbuka mashine inayonguruma. Aliporudi jioni alikuta kompresa imezimwa, mipira imezungushwa vizuri ukutani, na milango imefungwa. Yule kijana alikuwa amefanya hayo bila kutumwa, na siku hiyo hakuna aliyemuuliza hata jina. Nahodha alimwita "wewe mgeni, shika kamba hii," na Mgeni likabaki kuwa jina lake.

Daktari alisema ni moyo. Umesimama tu, kule chini, kama saa inavyosimama. Lakini mtungi aliopumulia Chewa siku ile ulikuwa umejazwa na binti yake, na binti hakulala mpaka hewa iliyobaki ikapimwa. Ikawa safi. Akaipeleka ipimwe kwingine. Safi. Alikubali kwa mdomo. Moyoni, tangu siku hiyo, Hewa hakuamini kitu asichokipima mwenyewe. Kila mtungi aliunusa, kila mpira aliukagua, na hata mtu akimwambia leo umependeza alimtazama mara mbili. Yeye aliyefundishwa kuzamia na baba yake kabla hajajua kuendesha baiskeli, hakushuka tena majini.

*

Mwaka ulipita, ukafuata mwingine. Kwa kuwa Hewa hashuki, Mgeni alianza kumletea habari za huko chini. Kila jioni, mitungi ikisharudi, alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, suti yake ya mpira imevuliwa nusu na mikono yake inaning'inia kiunoni kama ya mtu wa pili, akaanza kusimulia.

"Leo pweza amemvua mtalii glovu."

"Muongo."

"Wallahi. Akaondoka nayo shimoni. Yule baba alikuwa anatikisa mkono chini ya maji kama anaaga treni."

"Na kasa wangu?"

"Yule mwenye pengo kwenye gamba? Amelala palepale, chini ya matumbawe yanayofanana na meza. Nimempa salamu zako."

"Akasemaje?"

"Amefungua jicho moja, akalifunga. Nadhani ananionea wivu."

Hivyo ndivyo mapenzi yalivyoingia, kidogo kidogo. Aliletewa farasi wa bahari wawili waliofungamana mikia. Aliletewa samaki taa aliyejifukia mchangani akaacha macho tu. Samaki mdogo wa buluu anayesafisha meno ya samaki wakubwa bila kuliwa, naye aliletwa, kwa maneno tu, huku Mgeni akichora kwa kidole kwenye vumbi la sakafu. Boya la mwisho halikutajwa. Pale ndipo Chewa alipokutwa, na Mgeni alipazunguka katika mazungumzo kama boti inavyozunguka mwamba.

Siku moja alisema, "Jumapili nataka kuja kwenu."

"Kwetu unakuja kila Jumapili, unamaliza mkate."

"Safari hii nitachomekea shati."

Hewa akaacha kufunga koki. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mwambie mama asikate mkate mapema. Nina maneno."

Mama yake Hewa alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwembamba mwenye macho ya kupima, anayeweza kukutajia kiuno chako ukiwa bado mlangoni. Siku hiyo alivaa gauni lake la zambarau lenye kola, akamkaribisha mgeni wa shati la kuchomekea, kisha akamgeukia binti yake.

"Sukari imekwisha. Nenda dukani."

"Mama, sukari ipo, imejaa kopo."

"Imekwisha."

Hewa alikwenda. Aliporudi, mazungumzo yalikuwa yameisha. Mama alikuwa anatazama nje dirishani. Mgeni alikuwa amekunja kitambaa cha meza pembe mpaka kimekuwa kamba.

Alimsindikiza mpaka barabarani. "Amesemaje?"

"Amesema atajibu."

"Lini?"

"Hakusema lini."

"Na wewe ukakubali tu? Mwanaume mzima?"

"Ningefanyaje, nimshike kola mkwe?" Lakini alipokuwa anasema alikuwa anajikuna nyuma ya sikio. Hewa aliliona hilo, akaliweka moyoni.

*

Alhamisi hifadhi haipokei wageni. Siku hiyo maji hupumzishwa, na waongozaji hushuka kuhesabu samaki na kukagua maboya. Kwa desturi Mgeni alikwenda na nahodha tu, akarudisha mtungi mmoja.

Hewa alimjua Mgeni kwa mtungi kama mke anavyomjua mume kwa sahani. Alikuwa mtu wa pumzi ndefu, mtulivu. Mtungi wake daima ulirudi karibu na nusu. Alhamisi moja ikarudi mitungi miwili. Wa kwanza ulikuwa nusu, kama kawaida yake. Wa pili, alipoufunga kwenye geji ya kupima hewa, sindano ililala chini kabisa. Huo umenyonywa na mtu aliyepumua mbiombio tangu mwanzo mpaka mwisho. Mtu mwenye hofu, asiyejua kuzamia.

"Huu nani ameshuka nao?"

"Upi?" Mgeni alikuwa anasuuza miwani ya kuzamia kwenye beseni. "Ah, huo. Ni wa akiba. Unavuja, nadhani."

"Unavuja."

"Nadhani."

Alipoondoka, Hewa aliujaza ule mtungi, akauzamisha wote kwenye pipa la maji, akachuchumaa kuutazama. Kiputo chochote kingetokea angekiona. Hakikutokea hata kimoja. Alikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, akitazama maji yaliyotulia.

Alhamisi iliyofuata, vilevile. Mmoja nusu, mmoja mkavu. Sasa akachunguza na vifaa vingine. Kile kipande cha mpira kinachoumwa mdomoni, cha seti ya pili, kilikuwa kimetafunwa. Na kilitafunwa upande mmoja tu, wa kushoto, karibu kukatika, huku wa kulia ukiwa mzima kama ulivyotoka dukani. Akanusa miwani. Chini ya harufu ya chumvi kulikuwa na harufu tamu, ya mafuta ya nywele.

Simu ikalia usiku ule ule.

"Kipenzi, umekula?"

"Nimekula uongo, nimeshiba."

"Eh. Leo nimekukosea nini?"

"Mtungi wako unaovuja. Nimeuzamisha kwenye pipa. Hauvuji."

Hewa aliweza kumwona kabisa, kule aliko, anajikuna nyuma ya sikio.

"Labda koki haikufungwa vizuri."

"Mgeni, nani anashuka na wewe Alhamisi?"

"Nahodha yupo na mimi."

"Nahodha ana tumbo haliingii hata kwenye mkanda wa uzito wa kuzamia. Nimekuuliza nani anashuka."

"Naomba uniamini kidogo tu, laazizi. Kidogo tu."

"Kuamini ni kazi ya watu wa misikitini na makanisani. Mimi nafanya kazi kwenye geji." Akakata.

*

Mkata tiketi, rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, alikuja kibandani na chai yake mkononi, akaegemea mlango, akaguna.

"Mwenzangu, mimi sisemi."

"Husemi nini?"

"Nimesema sisemi."

"Basi usiseme. Usimwage chai kwenye mipira yangu."

Mkata tiketi akanywa funda. Akashindwa. "Juzi Alhamisi nilipita gati la zamani, kule kwenye ngazi zilizovunjika. Boti ya hifadhi ikasimama. Huyo wako akamteremsha mwanamke."

Hewa hakuinua kichwa. "Mwanamke gani?"

"Kajitanda taulo kichwa kizima, na miwani ya jua juu yake. Kamshika mkono na kiuno, taratibu, utadhani amebeba trei ya mayai."

"Kijana, mtu mzima?"

"Nimeona taulo, bibie, sikuona cheti cha kuzaliwa. Ila kucha za miguu nimeziona. Nyekundu. Zimepakwa jana yake, zinang'aa mpaka kule juu nilipo." Akamtazama rafiki yake, sauti ikalegea. "Labda ni mtalii tu."

"Alhamisi hakuna watalii."

"Ndiyo. Ndiyo maana nilisema sisemi."

Jioni hiyo Hewa hakumsubiri apige. Alipiga yeye.

"Anaitwa nani mwenye kucha nyekundu?"

Alisikia Mgeni anavuta pumzi, na ile pumzi ndefu aliyoijua ilikuwa imekatika katikati. "Nani amekuambia?"

"Hukusema 'nani huyo.' Umesema 'nani amekuambia.' Sawa. Nimepima, nimeona."

"Hewa, nisikilize. Nimeapa kutosema. Si langu la kusema."

"Ulikuja kwa mama umechomekea shati, ukala mkate wake, kumbe Alhamisi una mtu wako."

"Mwulize mama kama..." Akajikata. "Hapana. Nivumilie mpaka mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi umefika kwa mimi na wewe. Mitungi yako nitajaza, ni kazi. Habari za samaki kawape wengine."

Na alijaza. Wiki nzima Mgeni alikuja mlangoni, akasimama nyuma ya mstari mwekundu kama siku ya kwanza, akapokea mitungi yake kwa mikono miwili. Siku moja alisema, "Kasa wako anakuuliza." Hewa akawasha kompresa, mlio ukamfunika.

*

Nyumbani nako hakukukaa sawa. Mama alikuwa amejiunga na kikundi cha mazoezi ya goti, Alhamisi asubuhi, kwenye ukumbi fulani asioutaja vizuri. Alirudi amechoka, ana njaa, na mstari mwekundu umemzunguka uso kuanzia paji mpaka chini ya pua.

"Uso umefanyaje, mama?"

"Nimelalia mto vibaya."

"Mazoezini mnalala?"

"Tunapumzika. Wewe mtoto tangu baba yako afe umekuwa polisi."

Hewa aliona ni kweli. Alikuwa na huzuni zake, na mama hakuuliza mbona Mgeni haji tena Jumapili. Hata hilo alilitilia shaka. Mtu anayepima kiuno chako toka mlangoni, anakosaje kuona kiti kimoja hakina mtu?

Ilikuwa Jumapili, wapo mezani wawili, mama amejaza mkate mdomoni. Nje jua lilikuwa linachoma mabati mpaka yanalia, na mama alikuwa amevaa soksi.

"Mama, uko sawa? Hiyo soksi na joto hili?"

Mama hakuweza kujibu kwa mkate. Akainua mkono, akakutanisha kidole gumba na cha shahada vikawa duara, vidole vingine vimesimama, akautikisa kidogo.

Hewa akasimamisha kikombe hewani. Ile ndiyo alama ya wazamiaji. Niko sawa, wewe uko sawa? Nchi kavu hakuna anayeitumia, watu hutikisa kichwa. Labda aliiona kwa baba, alijiambia. Baba aliitumia hata msikiti ulipojaa na hapana pa kusemea. Lakini macho yake yalikuwa yameshaanza kazi. Aliutazama mdomo wa mama. Mama alikuwa anatafuna kushoto. Daima alitafuna kushoto, tangu alipong'olewa magego ya kulia, na Hewa alikuwa ameliona hilo kila siku ya maisha yake ya utu uzima asiliwaze. Kushoto, kushoto, kushoto, mpaka mpira umekaribia kukatika.

Akaziangalia soksi.

Hakuuliza. Angeuliza, lakini jibu lililokuwa mbele yake lilizaa swali baya zaidi. Mama yake, aliyeapa mbele ya jeneza hataki hata kusikia mvua, alikuwa anafanya nini chini ya bahari na mwanaume aliyekuja kumposa binti yake? Na kwa nini wamfiche yeye?

*

Alhamisi alifunga kibanda, akaenda kukaa gati la zamani, kwenye ngazi iliyovunjika, na ovaroli yake na kitambaa chake cha njano. Boti ilipokaribia, nahodha ndiye aliyemwona kwanza. Alimgusa Mgeni bega. Mgeni akageuka, akabaki kasimama na kamba mkononi. Nyuma yake, juu ya benchi, mwanamke mwembamba wa suti ya mpira nyeusi alikuwa anajipangusa uso. Taulo lilikuwa bado mapajani.

"Mama."

"Usipige kelele," mama alisema. "Watu watageuka."

"Hakuna watu. Yupo nahodha."

"Na mimi sioni vizuri siku hizi," nahodha alisema, akaenda kuangalia injini isiyo na tatizo.

Hewa akateremka botini. Alishika ukingo kwa nguvu, hakujua kwa hasira au kwa maji yaliyo chini ya ubao. Mama alimwonyesha nafasi pembeni yake. Nywele zake zilikuwa zimelala kichwani, akaonekana mdogo kama mtoto aliyeogeshwa.

"Usimlaumu huyu," mama alisema. "Nimemwapisha mimi. Siku ile nilipokutuma sukari nilimwambia, binti yangu simtoi kwa mzamiaji mwingine mpaka nijue Alhamisi zenu mnakwenda wapi."

"Wanahesabu samaki, mama. Unajua hivyo."

"Najua hivyo?" Mama alicheka kwa pua. "Baba yako kila Alhamisi alinyoa ndevu. Jumatatu hanyoi, Ijumaa hanyoi. Alhamisi, anajitazama kwenye kioo, namuuliza unakwenda wapi, ananiambia nakwenda kumwona mke wangu wa pili, yule wa boya la mwisho. Anacheka. Na mimi nacheka. Miaka yote hiyo nacheka, na nikimfulia shati nalinusa."

Mgeni alikuwa anatazama kamba.

"Kisha akafia kwake," mama alisema. "Kwa huyo wa boya la mwisho. Watu wanakuja kunipa pole, mimi kichwani najiuliza alikuwa nani. Ningemuuliza nani mambo hayo? Wewe ulikuwa unapima hewa."

"Ungeniambia."

"Ungenizuia. Na kama ningeshindwa, mwanamke wa umri wangu, nisingependa mnicheke. Daktari wa hifadhi alinipima, akasema goti bovu, mapafu mazima. Huyu mwenzio akanifundisha kwenye maji ya kiunoni, wiki baada ya wiki. Nimekunywa chumvi ya kukaushia samaki wa mwaka mzima."

"Na kucha?"

Mama akaitazama miguu yake, ile rangi nyekundu kwenye ubao ulioloa. "Nilikuwa nakwenda kuonana na mwanamke mwenzangu. Ulitaka niende na kucha chakavu?"

Nahodha, kule nyuma, alikohoa kikohozi kilichotoka kama kicheko. Hata Hewa kicheko kilimponyoka.

"Umemwona?"

"Leo." Mama alilikunja taulo, akalikunjua. "Ni samaki. Chewa mkubwa, mzee, mdomo mnene, sikio sijui liko wapi. Amekaa pangoni mwake, ananitazama. Hata si mzuri." Akalikunja taulo tena. "Tumetazamana mpaka hewa yangu ikaisha. Anatazama kama baba yako alivyokuwa anatazama, hasemi, hakimbii. Nikamwambia marehemu, basi. Kumbe ulikuwa unamnyolea huyu."

Alilia wakati huo, bila sauti, akiwa ameshika benchi kwa mikono miwili. Hewa alimshika. Suti ya mpira ilikuwa baridi na mama ndani yake alikuwa wa moto.

Baada ya muda mama alijipangusa. "Jibu langu, wewe kijana, ni ndiyo. Lakini huyu naye ana lake."

*

Mgeni alimkuta kibandani jioni. Alisimama nyuma ya mstari.

"Umenidanganya," Hewa alisema.

"Nimekudanganya."

"Mtungi unavuja. Huo ndio uongo uliouona unafaa, kwa mimi?"

"Ndio nilioupata. Sina mazoezi."

"Ningekuacha kabisa, unajua?"

"Uliniacha kabisa." Alivuta ndoo, akaisimamisha wima, akaipindua tena, asikae. "Nisingeweza kuvunja neno la mama yako halafu nikuombe wewe uamini la kwangu."

Hewa alifuta geji ambayo haikuwa na vumbi. Alikuwa anatafuta mahali pa kuipima sentensi ile, na hakupata. "Vuka mstari," alisema. "Mashine imezimwa."

Akavuka.

"Alhamisi ijayo nataka kushuka," Hewa alimwambia begani. "Na nitajaza mwenyewe."

"Sikudhani utamwachia mtu."

Alhamisi ikafika. Juu ya maji, penye boya la mwisho, Hewa alikuwa ameuma mpira wake, na kwa mara ya kwanza tangu baba yake afe alivuta hewa aliyoijaza kwa mkono wake. Alivuta kidogo, akangoja. Akavuta tena. Haikuwa na harufu yoyote. Ilikuwa baridi na kavu, kama alfajiri. Mgeni alikuwa anamtazama kupitia kioo cha miwani, hakumharakisha.

Walishuka wakifuata mnyororo, ule mpya ambao Chewa aliwahi kuufunga nusu na wenzake wakaumalizia. Pono, samaki wenye mdomo kama wa kasuku, walikuwa wanakwangua matumbawe, sauti yao kama mtu anayetafuna barafu. Kasa mwenye pengo alipita chini yao bila kugeuza shingo, na Mgeni akamwonyesha kwa kidole, kisha akamwonyesha Hewa, akimtambulisha. Mama alitangulia, mwembamba, goti bovu limesahauliwa, kucha nyekundu zimefichwa ndani ya mapezi.

Pangoni palikuwa na giza la kijani. Kisha giza likawa na jicho, na mdomo, na yule samaki akasogea mbele pole pole, mwili wake mzima wa madoa, mkubwa kama meza ya cherehani. Alimtazama mama. Akamtazama Hewa. Samaki mdogo wa buluu aliingia mdomoni mwake, akatoka upande wa pili, akaendelea na kazi zake. Mama alinyoosha mkono, akautafuta wa binti yake, akaushika. Kwa mkono mwingine akafanya duara la vidole, akamwelekezea yule samaki, akangoja kama anayetarajia kujibiwa.

Walipopanda juu Hewa aliangalia geji yake. Mtungi ulikuwa mkavu karibu kabisa.

"Unapumua kama mkwe," Mgeni alisema.

"Nyamaza," walisema wote wawili.

Hewa na Mgeni walioana baada ya msimu wa maji machafu kupita. Mama alishona gauni mwenyewe, na hakumpima binti yake hata mara moja.

Yule chewa hayupo tena pangoni. Wamemtafuta kwenye maboya mengine hawakumwona. Nahodha anasema samaki wazee huenda wanakojua wao, na Hewa hajalipima hilo. Sasa pale pana mkunga mmoja, samaki kama nyoka, na kamba kadhaa wekundu. Alhamisi hifadhi bado haipokei wageni, na Jumatano kabla ya kufunga kibanda Hewa hujaza mitungi mitatu. Wa mama siku hizi hurudi nusu.